Ziwa Dogo Si Beseni: Mwongozo wa Kupanda Mtumbwi kwa Watu wa Arusha na Moshi

Sisi wa huku milimani maji tunayajua ya bombani na ya mfereji wa kumwagilia migomba. Mtoto wa Ukerewe hukua akiona watu wazima wanavyoingia chomboni na wanavyotoka. Mtoto wa Sakina au wa Majengo hukutana na mtumbwi akiwa na miaka ishirini na tano, siku ya besdei ya rafiki yake, simu mkononi. Hata mimi ilikuwa hivyo.

Tulikuwa wanne, ziwa limetulia kama chai iliyosahaulika mezani. Mwenzetu mmoja akasimama ili apate picha nzuri ya Mlima Meru. Hakuna aliyemsukuma, wala upepo haukuvuma. Mtumbwi uliinama upande mmoja, sote tukaegemea upande wa pili kwa woga, ukageuka. Jaketi lake okozi alikuwa amelivaa kama koti la harusini, wazi kifuani, kwa hiyo likampanda hadi masikioni na yeye akabaki chini yake akipapasa. Mwongozaji wetu alitufikia upesi, akatutoa. Kutoka hapo hadi nchi kavu hapakuzidi mita thelathini. Simu mbili na kiatu cha kushoto viko huko mpaka leo.

Tulipokaa kwenye majani tukitetemeka, tukahesabu makosa yetu. Karibu yote tuliyafanya kabla ya kukanyaga mtumbwi. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mambo ya nchi kavu.

1. Jua unakwenda kwenye maji gani

Maziwa yetu hayafanani, na linalofaa kwa mtu wa mara ya kwanza ni Duluti. Liko Tengeru, unashuka kwenye daladala ya Usa River kisha unatembea au unachukua boda. Ni ziwa la kreta, limezungukwa na msitu wa hifadhi, na kingo zake zinakinga sehemu ya upepo. Liko karibu mita 1,290 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yake si ya Tanga. Mwezi wa Juni na Julai, kipupwe kikikaza, ukilowa utajuta.

Momella, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, ni habari nyingine. Mitumbwi hupandwa Momella Ndogo, ukiwa na askari wa hifadhi mwenye silaha, na silaha hiyo haibebwi kwa ajili ya picha: kuna viboko majini na nyati ukingoni. Maji ni ya magadi, hayanyweki. Beba ya kwako.

Bwawa la Nyumba ya Mungu, kusini mwa Moshi, ni maji mapana. Lilijengwa miaka ya 1960, mahali mito ya Kikuletwa na Ruvu inapokutana na kuendelea kama mto Pangani. Kuna mamba, kuna viboko, kuna nyavu za wavuvi kila upande, na upepo ukianza hauna mlima wala mti wa kuuzuia. Mimi nisingempeleka huko mtu ambaye hajawahi kushika kafi. Jipe nayo ina kina kifupi na matete mengi, na katika matete ndimo viboko wanamopenda kulala mchana. Chala, kule mpakani na Kenya, inalishwa na maji yanayopita chini ya ardhi kutoka Kilimanjaro, na uzuri wake unamshawishi mtu avue shati. Usivue. Mwaka 2002 msichana wa Kiingereza wa miaka 18 aliuawa na mamba humo.

2. Chagua saa, kisha muulize mwenyeji

Saa moja hadi saa nne asubuhi ndiyo saa ya mtumbwi. Ardhi ikipata joto upepo huamka, na wakati wa masika na vuli mawingu ya mchana huleta radi. Angalia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa jana yake, lakini usiishie hapo. Ukifika, mtafute mtu ambaye mboga yake inatoka kwenye maji hayo.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Mmekuja kutembea?"

"Ndiyo, mzee. Leo maji yakoje?"

Kisha nyamaza umsikilize. Mvuvi akikwambia "subirini kidogo", au akiwa amevuta mtumbwi wake juu mapema kuliko kawaida, jibu umeshalipata. Safari ya kutoka Moshi na nauli uliyolipa havibadilishi upepo.

Radi ina hesabu yake. Ukiona mwanga, anza kuhesabu sekunde. Ngurumo ikisikika kabla ya kufika 30, toka majini, na usirudi mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Usijikinge chini ya mti mrefu ulioko peke yake ukingoni.

3. Kagua chombo, na usione haya

Watu wetu wana aibu ya kuuliza. Tunalipa, tunaitwa, tunapanda. Tembea kwanza kuzunguka mtumbwi. Una ufa? Umezibwa kwa nini? Makafi ni mangapi, na kuna moja la akiba? Kuna kopo la kutolea maji? Kama ni boti ya injini inayobeba abiria, uliza habari za ukaguzi na leseni yake, maana usalama wa vyombo vya majini unasimamiwa na TASAC, shirika la serikali la uwakala wa meli. Nahodha anayejua kazi yake hakasiriki kwa swali hilo. Akikasirika, umejua jambo ulilotaka kujua. Muulize pia kama injini ina ile kamba fupi ya kuizima, na kama ipo aivae mkononi au mguuni, ili akianguka injini izime badala ya boti kuwarudia.

Kuhusu idadi ya watu, usikubali "mmoja tu, mtabanana". Kivuko cha MV Nyerere, kule Ziwa Victoria, kiliruhusiwa kubeba watu 101. Tarehe 20 Septemba 2018 kilipinduka kikiwa karibu kabisa na gati la Ukara, na watu zaidi ya 220 wakafa. Kwa mtumbwi mdogo kipimo chako ni mkono: watu wote wakishakaa, kati ya maji na ukingo wa mtumbwi pawe na shibiri nzima. Ikipungua, mmoja ashuke. Hapa ndipo Disemba inapotuponza. Ndugu wamerudi nyumbani, watoto wa shangazi wapo, watoto wa baba mdogo wapo, na kila mmoja anataka kupanda pamoja na wenzake. Wapande kwa zamu. Wanaobaki wale ndizi.

4. Jaketi

Hapa ninaomba uvumilivu, nitakaa kidogo.

Jaketi okozi, ambalo wengi tunaliita laifu jaketi, ndani yake lina lebo. Isome. Utaona uzito wa mtu anayefaa kulivaa, na mara nyingi namba yenye herufi N, ambayo ni kipimo cha nguvu ya kuelea. Lenye 50 ni msaada kwa mtu anayejua kuogelea na aliye karibu na watu wa kumtoa. Lenye 100 linafaa maji yaliyotulia, na ndilo la kumvisha asiyejua kuogelea. Kama lebo imefutika, libonyeze. Povu zuri linarudi. Lililobaki na alama ya kidole limechoka. Vuta mikanda kwa nguvu na ufunge klipu zote mara mbili mbili. Klipu moja iliyovunjika inatosha kulikataa: "Kaka, naomba lingine, hili halifungi."

Sasa livae. Zipu juu, klipu zote, kisha kaza mkanda wa kiunoni kwanza na ya mabegani baadaye. Pumua kwa nguvu. Libane lakini lisikunyime hewa. Inua mikono yote miwili juu, na mwenzako ashike mabega ya jaketi ayavute kwenda juu kama anayekutoa kwenye shimo. Likifika kidevuni, ni kubwa au halijakazwa. Kosa la rafiki yangu lingeonekana hapo hapo, kwenye majani, kwa sekunde tano.

Mtoto hapewi la mtu mzima "likazwe tu". Anahitaji la uzito wake, lenye kola ya kushika kichwa na mkanda unaopita katikati ya miguu, kwa sababu bila mkanda huo atachomoka kwa chini kama muhogo uliomenywa. Kama hakuna la saizi yake, hapandi, hata akilia. Na mama yangu, dada yangu, sikieni hili: mtoto mchanga hafungwi mgongoni kwa kanga au kitenge ndani ya mtumbwi. Mkipinduka, jaketi lako litakuelekeza wewe uso juu, na yeye uso wake utakuwa ndani ya maji. Abaki nchi kavu na bibi yake.

Jaketi huvaliwa juu ya nguo zote. Ukiwa na baridi, vaa sweta kwanza. Jinzi nzito na mabuti ya mvua acheni. Dera refu likunjwe na kufungwa juu ya magoti. Na ukishafunga, usifungue mpaka umekanyaga ardhi, hata jua likiwaka, hata mwongozaji mwenyewe akiwa hajavaa.

5. Vitu vichache vya kubeba

Filimbi, ifungwe kwenye jaketi. Kofia, maji ya kunywa, sweta kavu la kubaki na anayewasubiri. Simu iwe kwenye kile kifuko chake kisichopitisha maji, chenye kamba ya shingoni. Mifuko ya rambo ilipigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, na hata ilipokuwepo haikuzuia maji. Beba pia kamba ya manila ya mita kumi na tano na dumu tupu la lita 20 lenye kifuniko kinachobana. Funga kamba kwenye mkono wa dumu. Watu watakucheka, watadhani unakwenda kuteka maji. Nitarudi kwenye dumu hilo.

Mwambie mtu aliyebaki nyumbani mnapanda wapi, mko wangapi na mtatoka saa ngapi. Ujumbe mfupi mmoja unatosha.

Mbege isubiri. Bia nayo isubiri. Mtu aliyekunywa hupoteza mizani kabla hajajua kama amelewa, na chombo chenyewe ni cha mizani tupu.

6. Kupanda na kukaa

Anapanda mmoja mmoja huku mtu akishika mtumbwi. Inama, shika kingo zote mbili, weka mguu katikati kabisa, vuta wa pili, kaa upesi. Mwenye uzito mkubwa akae nyuma au katikati, wepesi mbele. Mkishakaa, hakuna kusimama na hakuna kubadilishana nafasi. Mkitaka kubadilishana, rudini ukingoni. Picha hupigwa mtu amekaa, viwiko ndani. Kitu kikianguka majini, mmoja tu ndiye anayekifuata kwa kafi, wengine watulie. Mtumbwi ukiyumba, shusha mwili chini na usikimbilie upande wa pili. Ule mkimbio wa wote kwa pamoja ndio uliotupindua sisi.

Tembeeni sambamba na ukingo, msikate katikati ya ziwa. Ukiona mbele yako maji yamebadilika rangi, yamekuwa meusi na yenye mikunjo midogo, huo ni upepo unakuja. Geuzeni pua ya mtumbwi iuelekee kidogo kwa mshazari, pigeni makafi polepole. Upepo ukiwapiga ubavuni ndipo unapowalaza.

Penye kiboko, kanuni kubwa ni kumwachia njia. Kiboko aliye ukingoni akishtuka hukimbilia maji ya kina, na ole wake aliye katikati. Akizama anaweza kukaa chini kama dakika tano, kwa hiyo kutomwona si ushahidi kwamba ameondoka. Waongozaji wengi hugonga ubavu wa mtumbwi kwa kafi mara kwa mara ili ajue mpo na asiibukie chini yenu. Usimwambie mwongozaji akusogeze kidogo upate picha. Akikubali kwa sababu ya bakshishi, mtakuwa wajinga wawili.

Heroe, wale flamingo wa Momella, na furukombe wa Duluti nao wana kazi zao. Kundi likianza kuinua shingo na kutembea haraka, mmeshakaribia mno. Nyavu za wavuvi usizivuke wala usizinyanyue kuangalia kama kuna samaki. Ni mali ya mtu, na zinaweza kukunasa kafi na mguu.

7. Mkipinduka

Shika mtumbwi. Ukiusahau ukurasa huu wote, neno hilo lisikutoke. Mtumbwi uliopinduka huendelea kuelea, na unaonekana kwa mbali kuliko kichwa cha mtu. Anayeamua kuogelea peke yake kwa sababu "ukingo ni pale tu" huchoka njiani, maana umbali juu ya maji hudanganya macho.

Kisha itaneni majina. Kila mtu aitikie. Kama mmoja haitikii, angalieni kwanza chini ya mtumbwi, mara nyingi yuko humo kwenye nafasi ya hewa, amepigwa na bumbuwazi. Watoto wapandishwe kifudifudi juu ya mtumbwi. Pigeni filimbi mara tatu, mpumzike, mpige tena tatu. Simu, viatu na mkoba viacheni viende. Kama hakuna msaada unaokuja na ukingo uko karibu kweli, shikeni mtumbwi upande mmoja wote, mpige mateke kuusukuma. Asiye na jaketi, kwa bahati mbaya yoyote, alale chali, masikio ndani ya maji, mikono wazi, kifua kimejaa hewa.

8. Mwenzako akizama

Anayezama hapigi kelele kama kwenye sinema. Mdomo uko usawa wa maji, kichwa kimerudi nyuma, mikono inasukuma chini kama anayepanda ngazi isiyoonekana, na hana hewa ya kuita. Mtoto aliyenyamaza ghafla ndiye wa kutazamwa.

Usijitose. Mtu anayezama hukumbatia chochote, na akikukumbatia mtakwenda wote. Mnyooshee kafi au tawi ukiwa umelala kifudifudi ukingoni. Asipofikika, rusha lile dumu, likipite kichwa chake kidogo, kisha ulivute kwa kamba hadi limfikie. Dumu tupu la lita 20 linamshika mtu mzima juu ya maji bila shida. Wale waliocheka asubuhi ndio watakaokusaidia kuvuta.

Akitolewa, usimning'inize kichwa chini wala usimbinye tumbo kutoa maji. Mambo hayo tumeyaona tangu utotoni, yanapoteza dakika na yanaweza kumtapisha matapishi yakaingia mapafuni. Mlaze chali mahali pagumu, inua kidevu, angalia kwa sekunde zisizozidi kumi kama anapumua. Kama hapumui, mbane pua, mpulizie mdomoni pumzi tano za mwanzo, kila moja uone kifua kinapanda. Kisha bonyeza katikati ya kifua mara 30 kwa mikono miwili, kina cha sentimita tano hadi sita, kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika. Pumzi mbili, thelathini tena, bila kusimama. Mwingine apige 114, namba ya zimamoto na uokoaji, au 112, huku mwingine akitafuta gari. Akianza kupumua, mlaze ubavu, mfunike. Hata akisimama na kusema yuko salama, apelekwe hospitali, kwa sababu mapafu yaliyoingia maji yanaweza kuharibika saa kadhaa baadaye.

9. Mkisharudi

Hesabuni watu, mpigie yule wa nyumbani. Chupa, maganda na karatasi za biskuti mlizokuja nazo mrudi nazo mjini. Aliyelowa ajifute kwa taulo mara moja, asingoje kukauka na jua, kwa sababu kichocho huingia kupitia ngozi kutoka kwenye maji yasiyo ya chumvi yenye konokono, hasa penye majani ukingoni. Wiki sita hadi kumi na mbili baadaye nenda kituo cha afya ukapime, hata kama hujioni mgonjwa. Ukikutwa nacho, dawa yake ni vidonge vya prazikwanteli.

Jaketi lisuuze kwa maji safi kama mlikuwa Momella, magadi yanakula zipu. Litundike kivulini, klipu zikiwa zimefunguliwa, na kama kuna iliyovunjika, mwambie mwenye mtumbwi kabla hujaondoka, maana kundi linalofuata tayari limesimama pale kwenye majani linasubiri.